Stata iliyojificha chini ya manifoldi: uchambuzi wa kisa cha Land Cruiser 100 ya petroli

Gari lenyewe

Gari ni Toyota Land Cruiser 100 ya mwaka 2003, injini 2UZ-FE ya petroli, V8 ya lita 4.7, otomatiki. Lilikuwa limeshavuka kilomita 300,000. Mmiliki ni mama mfanyabiashara wa mbao katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi inauma na gari lisilowaka mara moja ni kero ya kila siku.

Majina ya watu, gereji na mji nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha. Mimi nafundisha vijana wa ufundi magari. Kisa nimekikusanya kutoka kadi ya kazi, picha zilizopigwa wakati wa kufungua, na mazungumzo na fundi mkuu na mama mwenye gari. Wote wawili wameridhia kiandikwe.

Kwa asiyeijua injini hii: stata ni mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, na kwenye magari mengi inakaa ubavuni, chini, ukiingia uvunguni unaigusa. Kwenye 2UZ-FE imelazwa katikati ya V, kwenye bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, upande wa nyuma, na juu yake imefunikwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Nduguye 1UZ-FE wa Lexus LS 400 amepangwa vivyo hivyo. Mahali hapo pana faida yake, kwa sababu stata haipigwi na mawe wala matope, na gari likivuka mto haizami. Ubaya wake unauona siku ikigoma. Ile mbinu ya kuingia chini na kuigonga stata kwa spana ili gari likufikishe nyumbani haipo. Na kwa kuwa gari ni otomatiki, kusukuma pia hakuna.

Matengenezo matatu yaliyoonekana kufaulu

Asubuhi moja mama aligeuza funguo, ikasikika "tak!" moja nzito kutoka kwenye injini, kisha kimya. Akarudia, gari likawaka kama kawaida. Baada ya siku kadhaa ikawa hivyo tena. Fundi umeme wa jirani akasema ni betri, na kweli betri ilikuwa na miaka yake. Ikanunuliwa mpya. Gari likawaka vizuri kwa muda, mama akasahau.

Tatizo liliporudi, fundi huyohuyo akasafisha vichwa vya betri na kubadili waya wa ethi (unaounga hasi ya betri na injini) uliokuwa umeota kutu ya kijani. Gari likapona tena. Liliporudi mara ya tatu, akasema swichi ya funguo imechoka, haipeleki umeme wa kutosha kwenye waya mwembamba unaoiamsha stata. Akavuta waya mpya kutoka betri, akaweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na chini ya usukani akafunga kitufe cha kubonyeza. Ugonjwa huo upo kweli kwenye Toyota za umri huu, kwa hiyo hakuwa anabahatisha tu. Kwa karibu wiki mbili kitufe hakikuwahi kugoma.

Kisha usiku mmoja, kituo cha mafuta, gari limejaa mzigo, ikawa "tak" tu hata wabonyeze namna gani. Likavutwa na Fuso hadi gereji ambayo ndiyo ya kisa hiki.

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kumcheka fundi umeme. Mimi simcheki. Hitilafu inayokuja na kuondoka humpa sifa fundi yeyote aliyeigusa mwisho. Ungemwagia injini maji ya baraka siku ile, na yenyewe yangeonekana yamefanya kazi. Sababu ya tabia hiyo iko ndani ya stata, nitaieleza tukifika.

Kupima kitu usichokiona

Mama alifika gereji akiwa na jibu tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyie niambieni tu ni stata gani, shemeji yangu yuko Dar, atanitafutia kwenye maduka ya spea ya Gerezani ailete na basi la usiku."

"Sawa mama, lakini stata tusiitaje kwanza. Nipe nusu saa nipime. Nikishafungua huku juu sitaki nikute nilikuwa nimekosea."

Alichofanya fundi mkuu katika nusu saa hiyo ndicho ninachowarudisha wanafunzi wangu kukitazama. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Akawasha taa kubwa, akaelekeza gari ukutani, akamwambia saidia fundi ageuze funguo. "Tak" nzito. Mwanga ukutani haukufifia, na betri haikushuka chini ya volti 12.

Hapo mambo mengi yanaanguka kwa mpigo. Stata inayojaribu kuzungusha V8 inakunywa umeme mwingi mno. Betri ikiwa dhaifu, au injini ikiwa imekamata, taa zingefifia karibu kuzimika. Taa zisipofifia, maana yake umeme mkubwa haukupita kabisa. Kuna mahali njia imekatika.

Ni wapi? Fundi mkuu aliunga waya nene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini. Hakuna kilichobadilika, ethi ikatoka kwenye orodha. Akapima kwenye rilei ya stata ndani ya boksi la fyuzi: amri ya kuamsha stata ilikuwa inatoka vizuri, swichi ya funguo haina kosa. Akazungusha injini kwa mkono kupitia bolti ya puli ya mbele, ikazunguka.

Kisha kuna ile sauti yenyewe. Ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya umeme ya stata, kuna koili mbili: moja inavuta chuma cha ndani kwa nguvu, nyingine inakishikilia kikishavutwa. Ile ya kuvuta inapata ethi yake kwa kupitia kwenye mota, maana yake kupitia kwenye kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni zikiisha kabisa, koili hiyo haifanyi kazi, na sauti inakuwa hafifu au haisikiki. Kwa hiyo "tak" nzito ilikuwa inasema kaboni bado zinagusa. Mafundi wengi wenye uzoefu wanaisikia tofauti hiyo bila kujua kwa nini ipo.

Yakabaki mawili: kontakti za shaba ndani ya solenoidi zimelika, au kichwa cha waya mnene kinachoingia kwenye stata kimelegea au kuoza. Dalili zake zinafanana. Na yote mawili yako chini ya manifoldi. Vipimo havikumaliza ubishi, lakini vilifika mahali ambapo kuendelea kupima kusingebadili hatua inayofuata. Fundi mkuu aliacha hapo, na alikuwa sahihi kuacha.

Maamuzi kabla ya bolti ya kwanza

Shemeji alishapata stata ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Bei yake ilikuwa ya kuvutia. Fundi mkuu aliikataa kwa hoja ambayo mama aliielewa haraka, kwa sababu ni mfanyabiashara: katika kazi hii gharama kubwa ni ya kuifikia stata, na gharama hiyo unailipa kila unapoifikia. Stata ya mtumba ina umri uleule wa gari, kontakti zake nazo zimeshapiga maelfu ya mara. Ukitaka kuiamini itabidi uifungue uweke kontakti mpya. Sasa kama ni kuweka kontakti mpya, si uweke kwenye yako unayoijua historia yake?

Stata mpya halisi ilikuwa ghali kuliko mama alivyotaka. Zile mpya zisizo na jina zilikuwa rahisi, lakini hakuna pale aliyekuwa tayari kuweka kitu cha kubahatisha chini ya manifoldi. Wakakubaliana: stata ya gari itengenezwe, kontakti mpya na chuma cha ndani kipya chenye sahani yake, na kaboni ziangaliwe zikishaonekana. Kwa gari la mama huyu naunga mkono. Lingekuwa gari la kupeleka watalii porini, ambako kukwama kunageuka kuwa kesi, ningesema nunueni mpya halisi na mjadala ufungwe.

Gasketi mbili za manifoldi, seti ya kontakti, kulanti (maji ya kupoozea injini) na mipira mifupi viliagizwa Dar kabla ya kufungua chochote. Hili ni dogo lakini limeokoa kazi nyingi. Injini iliyofunguliwa ikalala wazi siku tatu kusubiri gasketi ni mwaliko wa vumbi na bolti kupotea.

Palipokuwa pagumu ni pale fundi mkuu alipopendekeza kubadili sensa mbili za noki na waya wake. Hizi ni sensa zinazosikiliza injini inapogonga ili kompyuta irudishe nyuma muda wa kuwasha cheche. Nazo zimefungwa kwenye bonde lilelile. Bei ya sensa mbili na waya ilizidi vifaa vingine vyote kwa pamoja.

"Fundi, mbona stata imeanza kuzaa watoto?" mama aliuliza. "Hizo sensa zina kosa?"

"Kwa sasa hazina, mama. Ila tuko humo ndani."

"Basi kama hazina kosa ziacheni."

Zikaachwa. Mama alitaka gari Ijumaa, maana Jumamosi alikuwa na safari ya ukweni na watu wa kuwachukua. Kuhusu tii (viungio vya njia tatu) za plastiki za mipira ya hita, zilizo nyuma ya injini kwenye ukuta wa kabini, hakuna aliyesema neno. Kwa yeyote aliyewahi kuzishika Land Cruiser 100 za umri huu, tii hizo zina sifa mbaya: zinakauka, zinageuka rangi, na siku ukizigusa zinavunjika kama biskuti.

Kufungua

Hatua ya kwanza ina mtego ambao vitabu havisemi sana. Kawaida ili kuondoa presha kwenye mpira wa mafuta unakata umeme wa pampu, unaiacha injini iungurume mpaka izime yenyewe. Injini hii haiwaki. Presha ya karibu bar 3 inaweza kuwa bado imo. Fundi mkuu alitoa hasi ya betri, akasubiri, akafunika kiungio kwa matambara na kukilegeza kidogokidogo, kizima moto kikiwa pembeni. Mafuta yaliyotoka hayakujaza kikombe cha chai, lakini yalitoka kwa kasi ya kumfikia mtu usoni.

Kulanti ilipunguzwa kwa sababu throtoli (mlango wa hewa ya injini) inapitiwa na mipira ya maji. Kila plagi na kila mpira wa vakyumu ulibandikwa karatasi yenye namba, na picha zikapigwa kutoka pande mbili. Injekta (vinyunyizio vya mafuta) ziliachwa mahali pake, manifoldi ikainuliwa pamoja na reli za mafuta. Namna hii ni bora, oringi (pete za mpira) za injekta zisizosumbuliwa hazivuji.

Bonde lilipofunuka lilikuwa limejaa. Vumbi la mbao lililogeuka tope kavu, maganda ya karanga, na nyuma kabisa, ubavuni mwa stata, kiota cha panya kilichotengenezwa kwa sufi iliyonyofolewa chini ya boneti. Gari linalolala kwenye yadi ya mbao, injini ikiwa ya moto jioni na usiku wa baridi, ni hoteli ya panya. Saidia fundi alikuwa ameshashika mpira wa kompresa apulize. Fundi mkuu akamshika mkono. Matundu manane ya kuingizia hewa yalikuwa wazi, na baadhi ya valvu chini yake ziko wazi pia. Uchafu unaopulizwa pale unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Matundu yakazibwa kwanza kwa matambara safi na gundi ya karatasi, kisha uchafu ukanyonywa kwa vakyumu badala ya kupulizwa.

Baada ya hapo stata yenyewe ni bolti mbili, waya mnene na plagi moja. Kichwa cha waya mnene kilikuwa kikavu, kimekaza, hakina kutu. Kwa hiyo lile swali lililoachwa wazi kwenye vipimo likajijibu.

Ndani ya stata

Kifuniko cha nyuma cha solenoidi kinashikwa na bolti tatu. Ndani kuna vipande viwili vya shaba vilivyokaa kama miguu ya mtu aliyesimama, na chuma cha kati kinachobeba sahani ya shaba. Umeme ukiamuru, chuma kinavutwa, sahani inavikalia vipande vyote viwili kwa wakati mmoja na umeme mkubwa unavuka kutoka betri kwenda kwenye mota.

Kwenye picha, kipande kimoja kimelika mpaka kimefanya ngazi. Pale sahani inapogonga pameingia ndani, pembeni pamebaki ukingo wa shaba ambao haujaguswa. Cha pili kimelika pia, lakini si nusu ya mwenzake. Sahani ikigonga, inafika upande mmoja na kubaki na pengo dogo upande wa pili. Chuma kimevutwa, "tak" imesikika, umeme haujavuka.

Hapa ndipo ile tabia ya kuja na kuondoka inapoeleweka. Sahani haikufungwa isizunguke, kwa hiyo inageuka kidogo kidogo kadiri inavyopiga. Ikitokea sehemu yenye unene kidogo imekaa juu ya kontakti iliyolika, gari linawaka. Ikigeuka tena, linagoma. Betri mpya, ethi mpya, kitufe kipya: kila kimoja kilifungwa, gari likajaribiwa, sahani ikawa imekaa vizuri, fundi akalipwa.

Kaboni zilikuwa bado na urefu wa kutosha, zikaachwa. Meno ya gia yalikuwa mazima, yakapakwa grisi mpya. Kontakti na chuma cha kati vikafungwa, na stata ikabanwa kwenye jiliwa na kujaribiwa kwa betri mara nyingi mfululizo, ikapumzishwa, ikajaribiwa tena. Kwa hitilafu ya namna hii jaribio moja halina maana yoyote.

Kufunga

Siku ya kufunga, fundi mkuu aliitwa kwenye gari jingine mchana. Stata ilikuwa imeshakaa na bolti zake zimekazwa. Saidia fundi aliona waya wa sensa za noki umetafunwa ganda na panya mahali fulani, akauzungushia gundi ya umeme. Plagi ya sensa moja kishikizo chake kilimeguka mkononi, plastiki imeoka kwa joto la miaka ishirini. Akaisukuma ikakaa. Kwenye kadi ya kazi hakuandika lolote. Nilipomuuliza, alisema sensa zilishakataliwa na mwenye gari, kwa hiyo alijua hazihusiki na kazi.

Manifoldi ikarudi na gasketi mpya, bolti zikakazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutoni mita 18, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili. Betri ikafungwa, funguo ikageuzwa, injini ikazunguka na kuwaka papo hapo.

Ilipopata moto, maji yakaanza kudondoka nyuma. Tii moja ya hita ilikuwa imepasuka, pengine mtu aliegemea mpira wakati wa kuinua manifoldi. Dukani hazikupatikana za aina yake, zikawekwa tii mbili za shaba na klampu mpya. Jioni ya Ijumaa gari lilizungushwa mjini dakika chache, likaonekana zima, mama akalipa na kuondoka.

Matokeo

Jumamosi, kwenye mlima wa kwanza mkubwa, taa ya injini ikawaka na gari likawa zito. Mama alipiga simu akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Fundi mkuu alimuuliza maswali mawili, joto la maji liko wapi na kuna moshi au sauti ngeni, akamwambia aendelee polepole bila kulikaba. Alifika, akarudi Jumapili.

Mashine ya kupimia ilisoma kodi (namba ya hitilafu) P0330: sensa ya noki ya safu ya pili. Kompyuta isiposikia sensa hiyo inachukua tahadhari, inarudisha nyuma muda wa cheche ili injini isijigonge, na nguvu inapotea. Kwa nini haikuonekana Ijumaa? Kwa sababu kompyuta haiihukumu sensa hii injini ikiwa inanguruma polepole pale gereji. Inataka mizunguko ya juu zaidi, na mitaa ya mji haikuifikisha huko.

Manifoldi ikatoka tena wiki iliyofuata. Safari hii kazi ilikwenda haraka, kila bolti ilikuwa imeshalegezwa juzi tu. Plagi ilikuwa imechomoka na waya ulikuwa unagusa bloku mahali palipotafunwa. Sensa zenyewe zilipimwa zikaonekana nzima, zikaachwa. Waya ukabadilishwa. Gasketi nyingine mbili zikanunuliwa. Ufundi na gasketi vilibebwa na gereji, mama akalipia waya.

Stata imeshapita msimu mzima wa baridi bila kugoma.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ile nusu saa ya vipimo. Taa ukutani na mita kwenye betri ni vipimo ambavyo hata mwenye gari anaweza kuvifanya siku gari likigoma, na vingefanywa mara ya kwanza, betri mpya isingenunuliwa. Shida ni kwamba kila fundi alipofika, gari lilikuwa linawaka. Kwa hitilafu inayojificha, kipimo chenye thamani ni kile cha saa ileile ya kugoma. Mwenye gari aelekezwe kwa simu: washa taa, geuza funguo, taa zimefifia au hazikufifia? Jibu hilo moja lina uzito kuliko kubadili vitu vitatu.

Uamuzi wa kontakti badala ya stata nzima naona ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa mzuri kwa sababu ya hali ya kaboni na meno, mambo yaliyojulikana baada ya kufungua. Ingekuwa busara kaboni nazo ziagizwe pamoja, maana bei yake ni ndogo, na zingekutwa zimeisha gari lingekaa wazi kusubiri basi.

Kuhusu sensa za noki, watu wengi niliowasimulia kisa hiki wanasema: mnaona, mama angekubali yasingetokea. Siafikiani nao. Sensa zake zilikuwa nzima mara zote mbili. Mama alikataa kununua kitu kizima, na hilo ni haki yake na pia ni akili. Kilichokosekana hakihitaji hela yake: kupima waya na plagi kabla ya kufunika. Mwenye gari anapokataa kifaa, amekataa kukinunua. Hajamwambia fundi asikiangalie. Saidia fundi alichanganya mambo hayo mawili, na sioni kwamba ni kosa lake peke yake, kwa sababu hakuna aliyempa orodha ya vitu vya kupima kabla manifoldi haijarudi, na mkubwa wake alikuwa kwenye gari jingine katika saa ambayo ndiyo ilikuwa muhimu kuliko zote. Stata unaweza kuijaribu mezani. Waya ukishafunikwa, jaribio lake ni mlima.

Kwa hiyo swali la "tubadili nini tukiwa humu ndani" mimi naligawa hivi. Kisichofikika bila kurudia kazi yote, kinapimwa chote, kibovu kinabadilishwa, kizima kinaachwa kama mwenye gari hataki. Kilichovunjika au kuguswa na mikono yetu, kiandikwe na kisemwe kabla ya kufunika. Tii za hita ni kundi la tatu: zinafikika wakati wowote bila kutoa manifoldi, kwa hiyo si za "tukiwa humu", lakini kazi yenyewe inazihatarisha. Hizo mwenye gari aambiwe mwanzoni kwamba huenda zikavunjika, bei yake itajwe, na ziwe zimeshanunuliwa. Mama alikubali tii mbili bila neno. Kilichomuudhi ni kuambiwa saa kumi na moja jioni ya Ijumaa.

Kugawana gharama ya mara ya pili kulikuwa kwa haki, ingawa fundi mkuu bado analalamika kidogo. Waya ulitafunwa na panya kabla gari halijafika gereji, kwa hiyo ungelipiwa na mama hata ungegunduliwa mapema. Ufundi na gasketi vilitokana na kufunika bila kukagua.

Limebaki la kitufe. Mama aliomba kiachwe kama akiba, endapo funguo itagoma siku moja. Gereji ilikataa na kuvuta waya wote nje. Kwenye otomatiki, amri ya stata inapitia kwenye swichi ya gia, ili injini isiwake kama gia haiko P (kuegesha) au N (huru). Waya wa kitufe ulikuwa umeiruka swichi hiyo. Mtoto aliyeketi mbele, gia ikiwa D (kwenda mbele), angeweza kubonyeza na gari la zaidi ya tani mbili likaondoka. Kwa wiki mbili liliegeshwa hivyo uani, mbele ya nyumba. Kwenye kadi ya kazi jambo hili limeandikwa mstari mmoja tu, "kitufe kimeondolewa", na naona ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizokuwa kwenye gari lile siku lilipovutwa na Fuso.